Neno “light” la Kiingereza ni maneno mawili

Katika Biblia ya Kiingereza iliyochapishwa mwaka 1611, neno “light” limo katika Mathayo 5:14, na limo tena katika Mathayo 11:30. Herufi ni zilezile tano, na matamshi ni yaleyale. Msomaji wa Kiswahili hapati taabu yoyote, kwa kuwa mahali pa kwanza anakuta “Ninyi ni nuru ya ulimwengu”, na mahali pa pili “mzigo wangu ni mwepesi”. Nuru na wepesi ni vitu ambavyo hakuna Mswahili angefikiria kuviita kwa jina moja. Mwingereza anafanya hivyo kila siku, na ukimuuliza sababu, mara nyingi atakupa jibu lenye mantiki yake: mwanga hauna uzito, haumlemei mtu, basi kila kilicho chepesi kikapewa jina lake.

Jibu hilo linavutia, lakini si kweli. Kamusi kubwa za Kiingereza huliweka “light” katika vidahizo tofauti, kila kimoja na namba yake, kwa sababu haya ni maneno mawili yaliyotoka kwenye mizizi miwili, yakaishi mbalimbali kwa maelfu ya miaka, hadi sauti zake zilipobadilika zikafanana. Ukishayatenganisha, mambo kadhaa yanayomsumbua anayejifunza Kiingereza yanafunguka: kwa nini abiria akishuka kwenye treni husemwa “alight”, kwa nini mapafu ya mnyama aliyechinjwa huitwa “lights”, na kwa nini “delight”, yaani furaha, si ndugu wa lolote kati ya hayo mawili.

Mwanga, weupe na mahali peupe

Kiingereza ni lugha ya Kigermaniki, pamoja na Kijerumani, Kiholanzi na Kiswidi. Jamii hiyo nayo ni tawi la ukoo mpana zaidi, Kihindi-Kiulaya, unaokusanya Kilatini, Kigiriki, Kirusi, Kiajemi, Kisanskriti na lugha nyingine nyingi. Mwaka 1786 William Jones, jaji wa Kiingereza aliyekuwa Calcutta, aliwaambia wasomi wenzake kwamba Kisanskriti, Kigiriki na Kilatini zinafanana kupita bahati nasibu, hivyo lazima zimetoka kwenye chanzo kimoja ambacho huenda hakipo tena. Kwa msemaji wa Kiswahili hoja hiyo haina ugeni. Sisi tunasema mtu, Mzulu anasema umuntu, Mganda omuntu, Mkikuyu mũndũ. Hakuna aliyewahi kuiandika lugha mama ya Kibantu, lakini kwa kuwatazama watoto tunapata sura ya mzazi. Wanaisimu wa Kihindi-Kiulaya hufanya kazi hiyohiyo, na mbele ya kila neno walilolijenga upya huweka kinyota, ili msomaji ajue kwamba halijakutwa limeandikwa popote.

Mzizi wa “light” yenye maana ya mwanga huandikwa *leuk-, na maana yake ni kung’aa. Uzao wake umeenea mno. Kilatini kina lux na lumen, yote mawili nuru, tena kina luna, mwezi, ambao hapo mwanzo jina lake lilimaanisha tu kitu king’aacho. Kiarmenia kina luys kwa nuru na lusin kwa mwezi. Kirusi kina luch, mwali. Kihiti, lugha iliyochorwa kwenye vigae vya udongo huko Anatolia zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, kina lukk-, kuwaka au kupambazuka. Kisanskriti kinasema rocate, inang’aa, na hapo l imegeuka r, jambo ambalo msemaji wa lugha za Kibantu halimshangazi hata kidogo.

Wagiriki walilichukua kwa upande wa rangi: leukos kwao ni -eupe. Daktari Mjerumani Rudolf Virchow alipotafuta jina la ugonjwa unaojaza damu seli nyeupe, alichukua neno hilo la Kigiriki, akaliunganisha na la damu, na mwaka 1847 akatoa jina ambalo leo tunalitamka lukemia. Kwa hiyo jina la saratani ya damu na neno la Kiingereza la mwanga wa jua ni wajukuu wa babu mmoja.

Tawi ninalolipenda zaidi ni lile la uwazi. Kisanskriti kina loka, mahali wazi, baadaye ulimwengu. Kilithuania kina laukas, shamba au uwanja. Kiingereza cha Kale kilikuwa na lēah, sehemu ya msitu iliyo wazi. Ukiwa ndani ya msitu mnene, mwanga unaujua kwa mahali miti isipokuwepo, na Kiswahili chenyewe kinaujua uhusiano huo, kwani mahali wazi tunapaita mahali peupe, na usiku ukiisha tunasema kumekuwa kweupe. Lile lēah la zamani bado limesimama katika majina ya miji ya Uingereza yanayoishia na -ley. Wembley, jina ambalo mashabiki wa soka wanalijua kwa uwanja wake, lilikuwa uwazi wa mtu aitwaye Wemba. Burnley ni uwazi ulio kando ya mto Brun.

Kuna kichekesho cha kale kinachohusu tawi hili. Kilatini kilikuwa na neno lucus, kichaka au msitu mtakatifu. Baadhi ya wasomi wa Roma walieleza kwamba msitu huitwa lucus kwa sababu haung’ai, yaani umepewa jina la kinyume chake. Quintilian, mwalimu wa ufasaha wa karne ya 1, aliyataja maelezo hayo kwa dhihaka, na hadi leo wasomi huyanukuu kila wanapotaka mfano wa asili ya neno iliyobuniwa kijinga. Lakini lucus kweli imetoka kwenye mzizi wa kung’aa. Hapo mwanzo haikuwa na maana ya msitu wenye giza, ilikuwa ni uwazi ulio ndani yake, mahali jua linapoingia. Waliodhihakiwa walikuwa wamegusa mzizi sahihi kwa sababu isiyo sahihi, na katika taaluma ya asili ya maneno hilo hutokea mara nyingi kuliko wasomi wanavyopenda kukiri.

Ile gh isiyotamkwa

Kila aliyefundishwa Kiingereza amewahi kuuliza gh inafanya nini katika “light”, “night”, “right” na “eight”. Katika “light”, ni mabaki ya ile k ya *leuk-.

Katika lugha za Kigermaniki, k ya zamani ililegea ikawa sauti ya kooni, karibu na kh ya kheri na Sheikh. Mabadiliko hayo yalipangwa kwa kanuni na Jacob Grimm mwaka 1822, na ni Grimm huyohuyo ambaye pamoja na ndugu yake walikusanya ngano. Kilatini hakikulegeza k yake, kwa hiyo lugha hizi mbili zinaweza kuwekwa ubavu kwa ubavu. Nane kwa Kilatini ni octo, kwa Kiingereza “eight”. Usiku ni noctem, kwa Kiingereza “night”. Rectus, iliyonyooka, inakabiliana na “right”. Lucem inakabiliana na “light”. Katika jozi hizi zote, Kilatini kilipo na c inayosomwa k, Kiingereza kina gh. Herufi zinazowatesa wanafunzi ndizo zinazomwonyesha mwanaisimu njia.

Katika Kiingereza cha Kale neno liliandikwa lēoht, na h yake ilisikika vizuri. Baada ya Wanormani kutoka kaskazini mwa Ufaransa kuiteka Uingereza mwaka 1066, waandishi waliofuata desturi za Kifaransa waliona h moja haitoshi kuonyesha sauti hiyo nzito, na taratibu wakazoea kuandika gh. Kati ya karne ya 15 na ya 17 sauti yenyewe ikafifia katika sehemu kubwa ya Uingereza. Ilipotoweka ilirefusha i iliyoitangulia, na i ndefu nazo wakati huo zilikuwa zikigeuka ai, hivyo “liit” ikaishia kuwa “lait”. Shida ni kwamba William Caxton alikwishafungua kiwanda chake cha uchapaji huko Westminster mwaka 1476. Wachapaji waliyagandisha maandishi wakati midomo ilikuwa bado inahama. Uskoti haikuhama sana: Mskoti anayetumia Kiskoti chake cha jadi bado anasema “licht” kwa kh inayosikika, na usiku kwake ni “nicht”.

Neno la pili

Sasa tugeukie wepesi. Mzizi wake huandikwa *legwh-, na maana yake haijabadilika sana: kisicho kizito, chenye kwenda haraka. Kisanskriti kina laghu, Kilatini levis, Kirusi lyogkiy, Kilithuania lengvas. Kigiriki kina elaphros, na hilo ndilo neno hasa lililoandikwa katika Mathayo 11:30 kwa Kigiriki cha asili. Kwa maneno mengine, watafsiri wa Kiingereza walipoandika “light” kwa mzigo, walitumia binamu wa neno lilelile lililokuwa mbele yao. Kwa nuru haikuwa hivyo. Mathayo 5:14 katika Kigiriki ina phos, ambayo ni ya mzizi mwingine kabisa, ule uliotupa fotoni na fosforasi.

Mababu wa Kiingereza walilitamka neno la wepesi kwa n ndani yake, kitu kama *linhtaz. Ng ya Kilithuania bado inashuhudia. Lakini n iliyokaa mbele ya h ilikuwa na tabia ya kudondoka na kuiachia vokali urefu wake. Ndiyo maana “think” ina n na “thought” haina, “bring” inayo na “brought” haina. N ilipodondoka kikabaki kitu kama *līhtaz, na katika lahaja ya Wessex, kusini mwa Uingereza, ambayo ndiyo iliyoandikwa zaidi katika Kiingereza cha Kale, ile i mbele ya h ikapanuka ikawa eo. Matokeo yakawa lēoht.

Nalo la mwanga lilikuwa lēoht. Zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, basi, mgongano ulikuwa umeshatokea, na kila badiliko lililofuata liliyakumba yote mawili kwa pamoja kwa kuwa hayakuwa tena na tofauti ya sauti.

Ndugu za Kiingereza hawakupatwa wote na jambo hili. Kijerumani kimeyaweka mbali: Licht ni mwanga, leicht ni -epesi. Kiswidi kina ljus na lätt, wala hakuna anayeweza kuyachanganya. Kiholanzi kilipita njia yake kikafika palepale kilipofika Kiingereza, kina licht na licht. Ushahidi wa Kijerumani na Kiswidi unatosha kuiangusha ile hadithi ya mwanga usio na uzito. Kama wepesi ungekuwa umetokana na mwanga, tungetegemea lugha zote hizi ziwe na neno moja lililogawanyika. Tunachokuta ni kinyume: kadiri tunavyorudi nyuma, ndivyo maneno haya yanavyozidi kuachana.

Ukoo wa wepesi nao una mambo yake. Kutoka levis Kilatini kilipata levare, kuinua, kwa sababu kukifanya kitu kiwe chepesi ni hatua ya kukinyanyua. Humo ndimo Kiingereza kilimopata “lever”, wenzo, “relieve”, kumpunguzia mtu mzigo au maumivu, “elevate”, kuinua, hata “leaven”, chachu inayoumua unga. Kutoka humo pia lilikuja jina la Levanti, pwani ya mashariki ya Bahari ya Mediterania, nchi ambako jua hunyanyuka. Ajabu yake ni kwamba mahali palipopewa jina kwa macheo ya jua pamepata jina hilo kwenye ukoo wa wepesi, wala si kwenye ukoo wa mwanga.

Mapafu pia yamo humu. “Lung” ya Kiingereza imetoka kwenye mzizi huu wa wepesi, maana pafu ni kiungo chepesi kinachoelea kikitupwa majini wakati ini linazama. Wachinjaji wa Uingereza waliyaita mapafu ya mnyama “lights” tangu enzi za kati. Warusi wamefanya vilevile bila kuambizana nao: mapafu kwao ni lyogkie, yaani vyepesi.

Na yule abiria wa treni? Kitenzi “alight” kinatokana na kumshukia farasi. Mpandaji akishuka, farasi anapunguziwa mzigo, anakuwa mwepesi. Baadaye kitenzi kilihamia kwenye magari ya kukokotwa na farasi, kisha kwenye treni na basi, na leo husikika katika matangazo ya stesheni zaidi kuliko katika mazungumzo ya watu. Hata hivyo Kiingereza hakikosi mtego: kuna “alight” nyingine, yenye maana ya -enye kuwaka, na hiyo ni ya ukoo wa mwanga. Kitenzi “lighten” kina utata huohuo. Kinaweza kuwa kuangaza, kinaweza kuwa kupunguza uzito.

Jinsi la mwanga lilivyopanuka

“Light” ya mwanga ilianza ikiwa ni kitu kisichohesabika, ile hali inayotuwezesha kuona. Lakini mapema sana ilichukua pia maana ya chombo kinachotoa hali hiyo, na hapo ikaanza kuhesabika. Sura ya kwanza ya Mwanzo inaonyesha tofauti hii vizuri. Katika aya ya 3 Mungu anasema “Iwe nuru”, na Kiingereza kinatumia “light” bila wingi. Katika aya ya 14, jua, mwezi na nyota zinapoumbwa, Biblia ya Kiswahili inasema “Iwe mianga”, na Kiingereza kinaongeza s: “lights”. Kiebrania nacho kina maneno mawili yaliyotoka mzizi mmoja, or na meorot. Kiingereza kimetegemea s peke yake, na anayeipuuza s hiyo anapoteza nusu ya maana.

Kutoka kwenye chombo hicho zikaja taa zote: za chumbani, za gari, za kuongozea magari njia panda. Ukaja pia moto wa kuwashia sigara, kwa kuwa anayeomba “a light” haombi mwanga wala taa, anaomba kiberiti. Ikaja maana ya elimu na ufahamu, ambayo haihitaji maelezo kwa kuwa karibu kila lugha inayo, Kiswahili kikiwemo.

Maana isiyojulikana sana ni ya dirisha. Kwa wajenzi, “light” ni sehemu moja ya dirisha inayopitisha mwanga, na “skylight” ni dirisha lililo kwenye paa. Kwenye kuta za nyumba fulani kuukuu za London, chini ya dirisha, utaona kibao kimeandikwa “Ancient Lights”. Hakizungumzii taa za kale. Ni onyo la kisheria kwa jirani: sheria ya Uingereza ya mwaka 1832 inampa mwenye jengo haki ya mwanga unaoingia dirishani mwake ikiwa ameufaidi kwa miaka 20 bila kukatizwa, na jirani hawezi kujenga ukuta wa kumtia gizani bila kujiweka katika hatari ya kushtakiwa.

Halafu kuna rangi. “Light blue” ni buluu iliyopauka, na wengi hudhani maana yake ni buluu nyepesi, yaani iliyotiwa rangi kidogo. Kihistoria si hivyo. Ni kivumishi cha mwanga, chenye maana ya -angavu, isiyo na giza. Njia rahisi ya kujua ni lipi kati ya maneno mawili limetumika ni kutafuta kinyume chake. Kinyume kikiwa “dark”, neno ni la mwanga. Kikiwa “heavy”, ni la wepesi. Buluu, kwa hiyo, ni ya mwanga. Chakula cha mchana, usingizi, mvua na viwanda vidogovidogo ni vya wepesi. Koti laweza kuwa lolote, na muuzaji asiyefafanua kama anasema rangi au uzito ataulizwa swali.

Waliojipenyeza na wanaoonewa

“Delight” haina nasaba yoyote na mwanga, ingawa wahubiri na washairi wengi wa Kiingereza wametumia kufanana kwao. Ilikuja kutoka Kifaransa cha zamani, delit, chenye asili ya Kilatini delectare, kupendeza. Kwa karne kadhaa Waingereza waliiandika bila gh. Katika karne ya 16 ndipo waandishi walipoona inaimbana vizuri na “light”, wakaivalisha herufi zake. Gh hiyo haikuwahi kutamkwa na mtu yeyote, mahali popote.

“Lightning”, umeme wa radi, ni wa ukoo wa mwanga bila shaka. Ni umbo la kitenzi “lighten” kwa maana ya kuangaza, lililopoteza e njiani. Ukiirudisha e hiyo unapata “lightening”, ambayo leo yaweza kuwa kupunguza uzito, na ambayo wakunga huitumia kwa jambo mahususi: siku za mwisho za mimba kichwa cha mtoto kinaposhuka kwenye nyonga, mama akajisikia anapumua kwa urahisi zaidi. Herufi moja inatenganisha radi na ukunga.

“Limelight”, inayotumika kwa mtu anayeangaliwa na umma, huwapeleka wengi kwenye ndimu. “Lime” hapa ni chokaa. Katika miaka ya 1820 mhandisi wa Uskoti, Thomas Drummond, alitumia kipande cha chokaa kilichochomwa kwa mwali wa oksijeni na haidrojeni kutoa mwanga mkali mno kwa ajili ya upimaji wa ardhi huko Ireland. Kuanzia mwaka 1837 maonyesho ya jukwaani London yaliuchukua mwanga huo kumulikia waigizaji. Taa za umeme zikaja, chokaa ikaachwa, msemo ukabaki.

Katika maabara na kwenye boksi la balbu

Sayansi ilipohitaji majina, ilikwenda kwenye tawi la Kilatini la ukoo huu wa mwanga. Lumeni, kipimo cha jumla ya mwanga unaotolewa na taa, ni lumen. Luksi, kipimo cha mwanga unaoangukia eneo fulani, ni lux, na luksi moja ni lumeni moja kwa kila mita ya mraba. Anayenunua balbu ya LED huona lumeni kwenye boksi, kwa kuwa wati hazimwambii tena kitu: balbu ya zamani ya wati 60 ilitoa takriban lumeni 800, na LED hutoa kiasi hicho kwa wati chache sana. Kampuni inayoandika neno lumeni na “light” kwenye boksi moja imeandika ndugu wawili walioachana maelfu ya miaka iliyopita.

Lusiferini, kemikali inayomfanya kimulimuli awake, ilipewa jina na Raphaël Dubois, Mfaransa, mwishoni mwa karne ya 19. Alilitoa kwenye lux na ferre, kubeba: mbeba nuru. Jina hilo linamstua asiyejua historia yake, lakini kwa Warumi Lucifer ilikuwa nyota ya alfajiri tu, yaani sayari ya Zuhura, na katika karne ya 4 kulikuwa na askofu wa Cagliari aliyeitwa Lucifer. Sifa mbaya ilitokana na Isaya 14:12, aya ambayo Biblia ya Kiswahili inaitafsiri “nyota ya alfajiri”, na ambayo Biblia ya Kilatini iliandika lucifer. Wasomaji wa baadaye waliichukulia kuwa ni habari ya Shetani, na jina likaharibika.

“Light” yenyewe imejificha katika leza, herufi yake ya kwanza. Gordon Gould aliandika jina hilo kwenye daftari lake mwaka 1957 kwa kuunganisha herufi za mwanzo za maneno yanayoeleza kifaa kinavyofanya kazi, na mwaka 1960 Theodore Maiman akakiwasha cha kwanza. L ya LED ni hiyohiyo.

Wafanyabiashara wamepita njia yao. Kuanzia miaka ya 1970 tahajia “lite” ilisambaa katika matangazo ya Marekani kwa vinywaji vyenye kalori pungufu, kisha kwa vyakula vyenye mafuta kidogo, na sasa kwa programu za simu zisizokula data nyingi. Mtu angedhani kwamba hatimaye Kiingereza kimepata njia ya kutenganisha maandishi ya wepesi na ya mwanga. Lakini watengenezaji wa madirisha wa Marekani nao huandika “lite” kwa kila kioo kimoja cha dirisha, na hiyo ni ya mwanga. Tahajia mpya imerudia kosa la zamani.

Mgongano wenyewe unaonekana vizuri zaidi katika “lighter”. Inaweza kuwa kivumishi cha kulinganisha, yaani -epesi zaidi au -angavu zaidi. Inaweza kuwa kiberiti cha gesi, kutoka kwenye mwanga. Inaweza pia kuwa tishari, chombo bapa kinachoisogelea meli kubwa iliyotia nanga na kuipunguzia shehena, na huyo ni mtoto wa wepesi. Habari fupi ya gazeti isemayo “The lighter was lost” yaweza kuwa ya kiberiti kilichodondoka mfukoni, au ya tishari lililozama na mzigo wake wote.